Sura ya 5: Majani Tele, Ua Hakuna

Malalamiko ni yale yale, awe anayelalamika yuko Tanga au Hamburg. Ua la Usambara lilinunuliwa likiwa limechanua, likapendezesha sebule kwa majuma kadhaa, kisha likanyamaza. Majani yananenepa, ua hakuna. Mwenye nyumba akiongeza mbolea ndiyo kwanza anaharibu, kwa sababu naitrojeni ikizidi hulisha majani tu.

Tuanzie kwao. Kwenye misitu ya Usambara ya Mashariki, pande za Amani, mmea huu hupenda nyuso za miamba kando ya vijito, mizizi ikiwa imeshika nyufa zenye mboji kidogo na kuvumwani. Miti mirefu huukinga na jua kali, lakini mahali penye uwazi mwanga mpole huufikia kwa saa nyingi. Maji hupita, hayatuami. Msitu ukifyekwa, jua hukausha mwamba na mmea hufa, hata kama hakuna aliyeugusa.

Mapema miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha; jina la ukoo wa afisa likabaki duniani, na Washambaa waliopita kando ya vijito hivyo vizazi na vizazi hawakutajwa popote. Siku hizi wataalamu wa mimea wameuweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walizalisha aina mpya kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na hapo ndipo biashara kubwa ilipoanzia.

Kinacholifanya lichanue, kuliko kingine chochote, ni mwanga. Lipe dirisha la mashariki, au dirisha lolote lenye pazia jepesi la kuzuia jua la mchana. Weka mkono juu ya majani: kivuli kikionekana kwa mbali, mahali panafaa, kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua limezidi. Mmea wenyewe pia husema. Vikonyo vya majani vikirefuka na kuinama kuelekea dirishani, umekaa gizani. Majani yakififia na kujikunja chini, unaungua. Wanaolilea kwa taa huziwasha saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha huzizima, maana giza nalo linahitajika.

Usiliwekee chungu kikubwa kwa kulihurumia. Upana wa chungu uwe kama theluthi ya upana wa majani, kwa kuwa mizizi yake imezoea ufa mwembamba, na udongo mwingi usionyonywa huishia kuiozesha. Machipukizi yanayojitokeza pembeni yatoe, la sivyo utapata kichaka kisicho na ua. Maji yawe ya uvuguvugu; ya baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika.

Lushoto mjini, karibu mita 1,400 juu ya bahari, kuna tatizo ambalo Tanga hawalijui. Wapo jamaa wa mmea huu wanaoota porini hadi Shume, juu zaidi ya hapo, lakini aina za madukani zimetokana hasa na wale wa Tanga na vilima vya chini. Baridi ya Juni hadi Agosti inaposhusha joto la chumba chini ya nyuzi 16 hivi, ukuaji hudorora. Usiku wa miezi hiyo liondoe kwenye kioo cha dirisha.

Okidi ya madukani, Phalaenopsis, yenye asili ya Asia, ni kinyume chake. Hiyo hungoja ubaridi: majuma kadhaa ya mchana usiozidi nyuzi 25 hivi, na usiku wa baridi kiasi, ndiyo huiamsha kutoa kikonyo cha maua. Ndiyo maana katika joto la Tanga inaweza kukaa miaka na majani mazuri bila ua hata moja. Mtu wa Tanga mwenye shangazi Lushoto ampelekee okidi yake mwezi Juni, shangazi akae nayo ndani ya nyumba, asiiache barazani usiku, kisha airudishe kikonyo kikishachomoza.