Usukani wa pikapu yako unacheza?

JE, msomaji, pikapu yenu ya nyumbani ina umri gani? Iwapo ilinunuliwa kifungua mimba akiwa darasa la kwanza na sasa yuko chuo kikuu, hebu ifanyie jaribio dogo kabla ya kuipakia mizigo ya kwenda mashambani.

Keti penye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa. Shika usukani kwa mikono miwili, uuvute juu kisha uusukume chini. Usiuzungushe. Ukiona unapanda na kushuka, basi huenda beringi za mhimili wa usukani zimelika.

Wengi huuchanganya ugonjwa huu na mwingine. Usukani unaozunguka kidogo kushoto na kulia bila magurudumu kufuata una shida kwingine, mara nyingi kwenye tairodi au gia ya usukani. Fundi asiye mwangalifu atakuuzia tairodi mpya, ulipe, kisha urudi nyumbani usukani ukicheza vile vile.

Mhimili huo ni chuma kirefu kinachopita ndani ya bomba. Katika magari mengi ya zamani hushikiliwa na beringi mbili, moja chini tu ya usukani na nyingine karibu na sakafu. Ya juu ndiyo huumia zaidi, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe. Lori na pikapu zimeinuka, kwa hivyo dereva hushika usukani na kujivuta kila anapopanda. Akifanya hivyo mara 10 kwa siku, ni zaidi ya mara 3,000 kwa mwaka, ilhali kiberingi hicho hakikuundwa kubeba mtu! Vumbi na grisi iliyokauka humalizia kazi.

Ukipuuza, taa za kuonyesha kona zitaanza kukataa kujizima, au honi ilie yenyewe ukikata kona. Hatimaye beringi husambaratika na dereva akabaki na usukani unaoyumba mkononi, huku familia imeketi kando yake.

Kazi yenyewe si ya kutisha kwa fundi mwenye subira. Gari huegeshwa magurudumu yakitazama mbele, na waya hasi wa betri hufunguliwa. Kifuniko cha honi hutolewa, kisha alama hutiwa kwenye usukani na mhimili ili virudi vilivyokuwa. Nati ya katikati hulegezwa lakini haitolewi kabisa, la sivyo usukani utachomoka ghafla na kumpiga fundi usoni.

Hapa ndipo unapopaswa kusimama karibu na kutazama. Usukani uliokwama huvutwa kwa puli. Fundi akichukua nyundo, mzuie! Tangu mwisho wa miaka ya 1960, mihimili mingi imeundwa ijikunje wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani, na nyundo yaweza kuharibu mpango huo. Nalo gari lenye mfuko wa hewa ndani ya usukani mwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo, kwani mfuko huo ukifyatuka huumiza vibaya.

Baada ya usukani hutoka swichi ya taa za kona, kisha pete na springi zinazoshikilia beringi. Zipange kwa utaratibu juu ya gazeti. Beringi ya zamani uende nayo dukani, iwe Kirinyaga Road au kwingineko, maana vipimo hutofautiana hata kati ya magari yanayofanana. Kagua ya chini pia; ingawa huenda ikalazimu mhimili wote kutolewa, ni afadhali kuliko kuifungua kazi mara mbili.

Nati ikikazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, rudia lile jaribio la kuvuta na kusukuma. Piga honi, washa taa za kona pande zote mbili, hakikisha kufuli ya usukani inashika na kuachia, kisha uendeshe polepole mtaani pasipo na magari mengi.