Utangulizi: Mwalimu Anapojihoji

Tafakuri ya mwalimu ni taaluma inayoanza na swali moja: kazi yangu imemfanyia nini mtoto huyu? Wengi huingilia kwa mwanafalsafa John Dewey, aliyeandika kuhusu kufikiri mwaka 1910, kisha kwa Donald Schön, ambaye mwaka 1983 alieleza jinsi mtaalamu anavyofikiri mikono ikiwa bado kazini. Wasome wote wawili. Ila nakuomba tuanzie Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako swali hilo haliulizwi kijuujuu.

Chukua somo la historia. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watoto wa Kihunde, Kinyanga, Kihutu na Kitutsi wanaweza kukalia mbao za darasa moja, na mmoja wao akauliza: mwenye ardhi hii ni nani? Mwalimu akinyamaza, akicheka, au jicho lake likimwangukia mtoto fulani linapotajwa neno “mgeni”, amekwisha kufundisha. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha taaluma hii. Mengi yanayobaki kwa mtoto hayakuandikwa katika maandalio ya somo, na mwalimu hayaoni mpaka mwenzake amwoneshe.

Ndiyo maana naiamini zaidi tafakuri ya pamoja. Katika mradi wa shirika la misaada la International Rescue Committee (IRC) huko Katanga, kusini mwa Kongo, kuanzia 2010 hadi 2015, walimu wa shule za msingi walikutana shuleni mwao kujadili ufundishaji wao, huku J. Lawrence Aber wa New York University na wenzake wakifuatilia. Wanafunzi waliwaona walimu wao wakiwajali zaidi. Kwa upande wa ari ya walimu wenyewe, matokeo yalichanganyika.

Sishangai. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu wa Kongo. Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure, walimu wengi walikuwa bado nje ya orodha ya mishahara. Halafu vita: Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, Machi wakaingia Walikale mjini. Kumtaka mwalimu asiyelipwa ajilaumu kwa mtoto aliyeacha masomo akaenda kuchimba madini ya koltani huko Rubaya, Masisi, ni dhuluma, hata kukivishwa jina zuri la tafakuri. Lakini kumwambia kwamba hana la kufanya nako ni kumvunjia heshima, maana anajua siku aliyomwita mtoto huyo mjinga mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza utafiti, anza na daftari la mahudhurio. Keti na walimu wawili watatu, msome majina ya waliopotea, na kwa kila jina uwaulize lipi lilikuwa mikononi mwao, lipi la serikali, lipi la wenye bunduki.