Moyo wa Mgongoni

Chota maji ya dimbwi kwenye glasi. Kalangalala, hapa Geita, mvua ikishanyesha, huendi mbali: shimo lililoachwa wazi, tairi kuukuu, hata alama ya gurudumu la lori. Miili ya viluwiluwi wa mbu waliomo hupitisha mwanga, na mwenye kioo cha kukuzia ataona mistari miwili myeupe mgongoni. Hiyo ni mirija ya hewa. Katikati yake upo mrija mwingine, hafifu, unabana na kuachia, unabana na kuachia. Huo ndio moyo.

Moyo wa mdudu ni mrija uliolala mgongoni. Sehemu ya tumboni ndiyo inayopiga, nayo ina vitundu vyenye vali; sehemu ya mbele ni bomba la kupeleka damu kichwani. Marcello Malpighi wa Italia aliueleza mwaka 1669, alipompasua nondo wa hariri na kiwavi wake.

Aliyewahi kusimama kwenye mialo ya kuoshea dhahabu ya Nyarugusu au Rwamgasa ameshauona mzunguko huu. Pampu huvuta maji bwawani, huyamwaga juu ya mwalo, yanateremka juu ya magunia, yanarudi bwawani, yanavutwa tena. Hakuna bomba la kuyarudisha. Damu ya mdudu nayo humwagika kichwani, ikaosha ubongo, misuli na utumbo bila kupita mishipani, kisha ikaingia tena moyoni kwa vile vitundu.

Mzunguko wa polepole hivyo ungetuua sisi, kwa kuwa damu yetu ndiyo inayobeba oksijeni. Ya wadudu walio wengi haibebi. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni na kufuata mirija yake hadi kwenye misuli, kama mchimbaji aliye chini duarani, yaani shimoni, anavyopelekewa hewa kwa mpira kutoka juu. Damu imebakiwa na chakula, homoni na chembe za ulinzi, ndiyo maana haina wekundu. Lile doa jekundu la mbu uliyemponda ukutani ni damu yako, au ya jirani yako.

Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wanaotuletea malaria, moyo wake hupiga mara 82 hivi kwa dakika, tena hugeuza mwelekeo: husukuma damu kichwani, kisha kwa muda mfupi huisukuma mkiani. Mimi jambo hili halijaacha kunistaajabisha, na lina uzito kwetu. Vimelea vya malaria hukulia ndani ya vifuko kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Siku kumi au zaidi baada ya mbu kunyonya damu ya mgonjwa, vifuko hivyo hupasuka, na vimelea kwa maelfu humwagika ndani ya damu ya mbu. Vingi huangamia njiani. Vinavyochukuliwa na mkondo huo hadi kwenye tezi za mate hupenya humo, vikangoja mbu aume tena.

Basi ukimaliza kutazama, usiyarudishe maji yale dimbwini. Yamwage kwenye udongo mkavu, juani. Kiluwiluwi anayebaki majini, kwa joto letu, huwa mbu mwenye mabawa kabla ya wiki mbili kwisha.