Lindo Baada ya Kagera

Vita vya Kagera havikupiganwa Bariadi, Usukumani. Vilifika huko baadaye kwa mlango wa nyuma: maduka hayana sabuni wala khanga, na ng'ombe wanaswagwa usiku na wezi wenye bunduki.

Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tanzania ikalitimua, ikavuka mpaka, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wanasiasa wa Uganda, wengi wao wakitoka uhamishoni, walikuwa wameshakutana Moshi mwezi Machi na kuunda umoja wao, UNLF, chini ya Yusuf Lule. Urais wake ulidumu siku 68. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, hakutimiza mwaka.

Wengi humlaumu Rais Nyerere wa Tanzania kwa kumpendelea Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Ni kweli alimpendelea. Lakini naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwingine: maadamu askari wa Tanzania ndio walioshika lindo Kampala, aliyeshindwa kwenye kikao hakuwa na haja ya kupatana na mwenzake. Alitazama Dar es Salaam.

Usukumani hapakuwa na wa kumtazama. Bariadi, wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa 2012), ilikuwa na polisi wachache na barabara mbovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa vijijini, walianzia upande wa Kahama, wakaenea. Yowe likipigwa, wanaume wanatoka na pinde. Asiyetoka anatozwa faini. Akikaidi anatengwa, hapewi hata kijinga cha moto, na akifiwa anazika peke yake. Adhabu hiyo inauma kwa sababu jirani ni wa lazima. Serikali ilisita, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Utaratibu huo haukuwa safi. Watuhumiwa walipigwa, na vikongwe walioitwa wachawi hawakusalimika. Na kijiji si nchi: watu wa kijiji kimoja wanajuana kwa ukoo na kwa ng'ombe, wajumbe wa Moshi walijuana kwa siku tatu.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote. Mgombea aliyeshindwa, Yoweri Museveni, akaukataa, na Februari 1981 akaingia msituni. Wanajeshi wa Tanzania walipofungasha mwaka huo, Waganda walikuwa tayari wanapigana wao kwa wao, na waliendelea hadi Januari 1986.