Ushirika Hujulikana Siku ya Mgawo

Katika zama zetu hizi ni nadra kusikia sifa inayotajwa mara nyingi zaidi kuliko sifa ya kufanya kazi kwa pamoja. Meneja hufungua kikao kwa kuwakumbusha wafanyakazi kwamba wote ni timu moja. Mwenyekiti wa kamati ya harusi huwasihi wajumbe wasimwache bwana harusi peke yake. Tangazo la kazi huhesabiwa pungufu lisipomtaka mwombaji awe na moyo wa kushirikiana na wenzake. Na watu wawili wakiagana njiani, hata kama hawatarajii kuonana tena kabla ya mwaka kwisha, huambiana "tuko pamoja". Lugha hii ni njema, nami sina nia ya kuibeza, maana mwanadamu hakuumbwa aishi pekee, na aliye na wenzake wa kumsaidia ana neema ambayo fedha hainunui. Lakini kwa sababu ile ile ya kuwa njema, yapasa ilindwe isitumiwe na watu wanaotaka jasho la wenzao bila ya kuwa tayari kugawana nao matunda yake. Imani yangu ni kwamba ushirika haujulikani siku ya kualikana, wakati maneno ni matamu na kila uso una bashasha. Hujulikana siku ya mgawo.

Wazee wetu walilijua jambo hili vyema. Waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa ndio hao hao walioweka ada madhubuti za kugawana kilichopatikana kwa vidole vingi. Katika vijiji vya wavuvi vya pwani yetu, baharia anayeingia chomboni alfajiri aghalabu haendi kwa ujira wa kutwa, bali kwa fungu. Samaki wanapoteremshwa pwani na kunadiwa, kwanza hutengwa kitoweo, ili asiwepo mtu aliyelala baharini akarudi nyumbani kwake mikono mitupu. Kisha huondolewa gharama za safari, kama vile mafuta, barafu na chambo. Na kinachosalia hukatwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia, ambapo nahodha hupata zaidi kwa sababu dhamana yake ni kubwa zaidi. Kiasi cha kila fungu hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji na chombo hadi chombo, lakini kila aliyemo anakifahamu kabla tanga halijapandishwa wala mashine haijawashwa. Siku bahari inapokuwa kavu hukosa wote, mwenye chombo na mvuta nyavu, na siku inapojaalia hupata wote. Hapo ndipo neno "wenzangu" linapokuwa na uzito kinywani mwa nahodha, kwa kuwa faida yake na hasara yake zimefungwa pamoja na zao.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wengi wetu, nao ni vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo Tanzania hujulikana kwa jina la vikoba. Utaratibu wake una asili ya mbali: mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwafunza wanawake wa Niger namna ya kuweka akiba kwa pamoja na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na mbegu ile ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Hebu mtu na aende kutazama kikao kimoja cha kikundi kinachoendeshwa ipasavyo. Wanachama huketi kwa duara, na katikati yao huwekwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu wanaoishi nyumba mbalimbali, hata asiweze mtu yeyote, wala wawili wakila njama, kulifungua bila ya macho ya wengine. Kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti huuliza mfuko wa jamii uliachwa na shilingi ngapi kikao kilichopita, na wanachama hujibu kwa kumbukumbu, wakiwemo wasiojua kusoma. Kisha fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote ili jibu lithibitike. Kila anayenunua hisa hugongewa muhuri katika kitabu chake, na anayechelewa hulipa faini iliyoandikwa katika katiba, awe mke wa mwenyekiti wa mtaa au muuza mchicha. Mzunguko unapotimia, aghalabu baada ya mwaka mmoja, akiba na faida ya mikopo hugawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mmoja.

Yuko atakayesema kwamba kufuli tatu ni dalili ya watu wasioaminiana. Kwa maoni yangu mambo ni kinyume chake, maana kufuli zile humwepusha mtu na majaribu kabla hayajamfika, na kumlinda mweka hazina mwaminifu dhidi ya dhana mbaya za majirani. Wanachama wale, baada ya fedha kuhesabiwa na sanduku kufungwa, huulizana habari za wagonjwa, huchangiana msiba, na hucheka pamoja kwa nafsi zilizotulia, kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye shaka moyoni.

Tabia hiyo hiyo huonekana katika vyama vya kufa na kuzikana, na katika kamati zetu za harusi pia. Kamati njema haimaliziki siku bibi harusi anapopelekwa kwa mumewe. Inabaki siku moja nyingine, siku ya kuvunja kamati, ambapo mweka hazina husimama na daftari lake akasoma aliyeahidi na aliyetoa, kilichonunuliwa na kilichobaki, hata bei ya mapambo na nauli ya wapiga tarumbeta. Kamati inayovunjwa kwa hesabu huacha udugu nyuma yake. Ile inayotawanyika kimya kimya huacha manung'uniko yanayodumu kuliko picha za harusi yenyewe.

Kilicho kweli kwa kikundi cha mtaa ni kweli kwa taifa pia, na historia yetu inatoa ithibati. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, walifuata misingi iliyokwisha jaribiwa tangu mwaka 1844, pale watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao mafundi maskini, walipofungua duka lao wenyewe kwa kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja, na kwamba ziada hurudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Mkulima wa Moshi alipeleka kahawa yake katika chama cha msingi, akapokea malipo ya awali, na baada ya kahawa kuuzwa akangojea malipo ya pili. Malipo yale ya pili ndiyo yaliyokuwa siku yake ya mgawo, na ndiyo yaliyomfanya aseme "chama chetu" kwa ujasiri. Katika mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Ni haki kukiri kwamba vyama kadhaa vilikuwa vimeharibiwa na viongozi wabadhirifu. Lakini dawa ile ilimwondoa mkulima katika meza ya hesabu, ilhali hotuba za umoja na ushirikiano ziliendelea kama kawaida. Haukupita muda mrefu ila sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama vile virudi, kwa kuwa ilikwisha bainika kwamba ushirika usiomilikiwa na washirika hauna uhai.

Kwa jirani zetu wa Kenya, wito wa harambee, ambao Mzee Jomo Kenyatta aliufanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, ulifanya kazi ya kustahili heshima. Wananchi walichanga fedha, mawe na nguvu zao, wakajenga zahanati, mabirika ya maji na shule nyingi za sekondari ambazo serikali peke yake isingaliweza kuzijenga kwa wakati ule. Wallakini wito huo huo, ulipoangukia mikononi mwa wenye tamaa, uligeuka kuwa jukwaa la wanasiasa kujionesha, na michango ya hiari ikageuka kuwa ya kushurutishwa, hata ikabidi sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 imkataze ofisa kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe mchango. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba mtoaji alikuwa amenyimwa uhuru wa kusema hapana.

Naja sasa katika ofisi na viwanda vyetu, ambako lugha ya timu imestawi kuliko mahali pengine popote. Mwajiri anaposema "hapa sisi ni familia", na akawa kweli anamjulia hali mfanyakazi mgonjwa, anawaeleza watu wake mwenendo wa biashara wakati wa dhiki na wa faraja, na anawapa stahili zao kwa wakati, basi maneno yake ni ya baraka. Lakini yuko mwajiri ambaye udugu wake huanza saa za kazi zinapokwisha, anapotaka watu wabaki hadi usiku bila malipo kwa jina la moyo wa timu, na hukoma biashara inapoyumba, ndugu wa jana wakapewa barua za kuachishwa kazi. Mfanyakazi wa Tanzania Bara na ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwamba saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kuidai haki hiyo kwa adabu hakumtoi mtu katika timu. Anayekasirishwa na dai hilo ndiye asiyekuwamo.

Wala nisieleweke kwamba ninataka kila mtu awe mkubwa. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na kundi lisilo na kiongozi huishia katika ubishi. Kiongozi ni lazima, na utii kwake ni lazima. Lakini utii huo hupata nguvu kwa sababu watu wanajua kwamba amri yake na mgawo wake vinatoka katika mizani moja. Huwasikia mashabiki wa mpira, timu yao ikishinda, wakisema "tumeshinda", na ikifungwa wengine wakisema "wamefungwa". Kiongozi anayesema "tumefaulu" sherehe ikifika, na "wamekosea" lawama ikifika, hafai kuwakusanya watu kwa jina la umoja, maana amejichagulia fungu la asali akawaachia wenziwe fungu la nyuki.

Basi nawasihi wasomaji, vijana hasa, kwamba wanapoitwa katika jambo lolote kwa jina la timu, chama, kikoba au familia, wasikatae kwa kiburi wala wasikubali kwa haya, bali waulize kwa upole mambo manne: nani anaamua, nani anashika funguo, kilichopatikana kitagawanywaje, na anayetaka kutoka anatoka kwa njia gani. Mwenye nia safi atayajibu mara moja, tena atafurahi kuulizwa; na mwenye kuona maswali hayo ni uhaini amekwisha kutoa jibu lake. Na sisi tunaowaita wengine, tuanze kwa kuyaandika majibu hayo kabla hatujafungua mdomo kusema "tuko pamoja", kwa kuwa kila anayetupa jasho lake ametuwekea amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili.