Matofali ya Mbandaka na daftari la mfanyabiashara

Alipofikisha miaka 29, Millard Fuller alikuwa milionea katika mji wa Montgomery, Alabama. Mali hiyo hakuirithi. Akiwa bado mwanafunzi wa sheria, yeye na mwenzake walikuwa wakiwauzia wazazi keki za siku ya kuzaliwa, wakawapelekea watoto wao pale chuoni. Baadaye wakaingia kwenye vitabu vya mapishi. Biashara ilinenepa huku nyumba yake ikipoa. Mwaka 1965 mkewe, Linda, alifunga safari kwenda New York kuipima upya ndoa yao. Fuller akamfuata. Walirudi wamekubaliana kuuza walichokuwa nacho na kuigawa fedha.

Wengi huisimulia habari hii wakaishia hapo, penye kutoa mali. Mimi hunivutia zaidi yaliyofuata, maana akili ya biashara Fuller alibaki nayo, na hiyo ndiyo iliyokuja kujenga nyumba.

Desemba ya mwaka huohuo walipita shamba la Koinonia, karibu na Americus, jimbo la Georgia. Tangu 1942 Clarence Jordan, mhubiri na mkulima, alikuwa akiishi pale na jumuiya ya weusi na weupe waliokula meza moja, hadi wenye maduka wa eneo hilo wakawasusia. Majirani walikuwa wakulima wasio na ardhi, wakilima mashamba ya wenye nayo na kulala kwenye vibanda vinavyovuja. Mwaka 1968 Jordan na Fuller walikaa wakapanga. Nyumba ijengwe na watu wanaojitolea, na atakayeishi humo awe kazini pamoja nao. Auziwe bila faida, alipe kidogo kidogo bila riba, na fedha inayorudi ikamjengee mwingine. Aliyewahi kuweka hisa kwenye kikoba haraka ataona jinsi mzunguko huu unavyofanya kazi. Jordan alifariki 1969, nyumba ya kwanza haijamalizika.

Kisha likaja jambo ambalo husahaulika sana, nasi Waafrika tunastahili kulikumbuka. Mpango huu ulipimwa Kongo kabla haujaenea Marekani. Mwaka 1973 Fuller na familia yake walihamia Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kanisa la huko lilikuwa na mradi wa kufyatua matofali ya saruji uliokuwa taabani. Aliushika, akausimamisha tena, na matofali yakaanza kupanda kuwa kuta. Kiwanja walichopata kilikuwa ukanda ambao wakoloni wa Kibelgiji waliuacha wazi ili makazi ya Wazungu yasigusane na ya Waafrika. Nyumba za familia za kawaida zikajengwa juu ya mpaka ule. Aliporudi Georgia mwaka 1976, yeye na Linda waliunda shirika la Habitat for Humanity.

Mji wa Plains, alikozaliwa Jimmy Carter, hauko mbali na Americus. Dunia inamjua kama rais, lakini kabla ya hapo alikuwa mwenye ghala la karanga na mbolea. Aliacha jeshi la majini mwaka 1953 baba yake alipofariki, akarudi kuiendesha biashara ya familia, na mkewe, Rosalynn, akawa mshika hesabu. Mwanzoni hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba waliishi katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Kwa hiyo aliposhika nyundo kujenga na Habitat mwaka 1984 alikuwa akiijua shida ya kukosa pa kuita kwako. Mwaka huo alikwenda New York kwa basi pamoja na wenzake kukarabati jengo lililotelekezwa, zikapatikana nyumba za familia 19. Mwaka 2002 alikuwa Durban, Afrika Kusini, zilikojengwa nyumba 100. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Siku ya pili alikuwa Nashville, kazini.

Huku kwetu michango ya kumjengea mjane au mzee haikosi. Kinachoniuma ni maboma yanayoishia kwenye linta kwa sababu fedha ilitolewa kwa moyo mweupe na hakuna aliyeketi kupiga hesabu ya paa. Hapo ndipo namtafuta mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyu anajua bei ya nondo ilipanda lini, mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali mangapi yasiyomeguka, na fundi yupi husingizia misumari imekwisha. Kumwomba mifuko kumi halafu kumwacha dukani ni kumpunja yeye na mjane. Tumwite kiwanjani Jumamosi asubuhi, aje na daftari lake, na kabla msingi haujachimbwa atuambie mabati yatagharimu kiasi gani.