Mamluki katika Sinema na katika Maniema

Neno mamluki limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu aliyemilikiwa. Kiswahili kimempa jina hilo askari apiganaye vita visivyo vyake kwa ujira. Hukumu imo ndani ya neno lenyewe. Sinema iitwayo The Wild Geese (1978) humtukuza: mamluki hutumwa Afrika kumwokoa rais aliyepinduliwa. Mshauri wake alikuwa Mike Hoare, aliyewahi kuwaongoza mamluki nchini Kongo.

Mtu wa Kasongo, basi, ana haki ya kuilinganisha na yaliyotokea kwao. Mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipoishika Maniema, safu ya jeshi la serikali na mamluki ilitoka Kongolo, ikapita magharibi ya Kasongo kwa njia ya Kibombo, ikaingia Kindu mwanzoni mwa Novemba. Ilikuwa ikielekea Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, walikoshikwa mateka wa Kizungu. Lakini waliotangulia kufika, alfajiri ya Novemba 24, ni askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshushwa na ndege za Marekani. Safu iliwasili baada ya saa kadhaa, na baadhi ya mateka walikwisha kuuawa.

Mwendelezo wa sinema hiyo, Wild Geese II (1985), umeiacha Afrika kabisa, labda kwa salama yetu. Safari hii mamluki anatumwa Berlin kumtorosha Rudolf Hess katika gereza la Spandau. Hess halisi hakutoroshwa na mtu. Alifia humo mwaka 1987.